Dawa za saratani zinazopandisha presha

Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua sana bila kuotesha mishipa yake ya damu. Mishipa hiyo ikizuiwa, uvimbe utakosa chakula. Wengi waliitilia shaka hoja hiyo kwa miaka. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wa kampuni ya Genentech, California, waliibainisha protini inayochochea mishipa kuota, VEGF. Februari 2004 Marekani iliidhinisha bevacizumab, dawa inayoinasa protini hiyo, kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa.

Madhara yalionekana tangu majaribio. Katika utafiti uliofungua njia ya idhini hiyo, presha kali iliwapata asilimia 11 ya waliopewa bevacizumab pamoja na dawa za kawaida, na asilimia 2.3 tu ya waliopewa dawa za kawaida peke yake. Sorafenib na sunitinib, vidonge vya saratani ya figo vilivyofuata, vilileta tatizo lilelile.

Haikuwa bahati mbaya. Katika mishipa yenye afya, VEGF huufanya utando wa ndani utoe nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa. Protini hiyo ikizuiwa, mishipa hubana na presha hupanda, pengine ndani ya siku chache tu. Figo nazo huumia, protini ikavuja kwenye mkojo. Wajawazito wenye presha inayotangulia kifafa cha mimba hupatwa na hali hiyohiyo: mwaka 2003 watafiti walionyesha kuwa kondo la nyuma lao humwaga kwenye damu protini nyingi inayoinasa VEGF.

Mwaka 2011 ulitolewa uchambuzi wa wagonjwa wa saratani ya figo waliotumia sunitinib: waliopandwa na presha waliishi muda mrefu zaidi kuliko wasiopandwa. Huenda, basi, kupanda huko ni ishara kwamba dawa inafanya kazi. Hata hivyo presha isiyotibiwa huleta kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi, kwa hiyo lazima ishushwe. Dawa za presha kama amlodipine na enalapril hutumika sana. Verapamil na diltiazem, nazo dawa za presha, huepukwa kwa wanaomeza vidonge vya saratani kama sunitinib, kwa sababu huzuia ini kuivunja dawa ya saratani.

Mwaka 2010 jopo la wataalamu wa Marekani lilishauri presha ipimwe kabla ya tiba, kisha kila wiki katika mzunguko wa kwanza, na ibaki chini ya 140/90. Mgonjwa aombe kipimo hicho, wala asiache dawa ya saratani kabla ya kuzungumza na daktari wake.