Lutfi al-Haffar

Lutfi al-Haffar (alifariki 1968) alikuwa mfanyabiashara wa Dameski, Syria, aliyeingia katika siasa za kupigania uhuru na kuwa waziri mkuu mwaka 1939.

Alizaliwa katika familia ya wafanyabiashara na akapata kuwa kiongozi katika chemba ya biashara ya Dameski. Kazi yake kubwa kuliko zote, hata kuliko uwaziri mkuu, ni mradi wa maji wa Ain al-Fijeh. Wakazi walizoea kunywa maji ya mto Barada yaliyopita katika mifereji ya wazi na kuchafuka njiani. Haffar alipendekeza maji safi ya chemchemi ya Fijeh yaletwe mjini kwa mabomba. Badala ya kuikabidhi kampuni ya kigeni mradi huo, alisisitiza wenye nyumba wenyewe wanunue hisa za maji. Maji yalifika mjini mwaka 1932, na umiliki ukabaki mikononi mwa wenyeji, jambo adimu chini ya utawala wa Wafaransa.

Mwaka 1926, wakati wa uasi mkuu wa Wasyria dhidi ya Wafaransa, aliingia serikalini, akajiuzulu pamoja na waziri mwenzake Faris al-Khoury, nao wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kambi ya Kitaifa, muungano wa wanasiasa waliopigania uhuru. Serikali yake ya 1939 ilidumu wiki chache tu, kwani Ufaransa ilikataa kuidhinisha mkataba wa uhuru wa Syria wa 1936.

Bintiye, Salma al-Haffar al-Kuzbari, alikuwa mwandishi mashuhuri.