Waya ukikaa kimya, nao umesema

Unajua kwa nini mkono wa roboti unaweza kuruka ghafla? Enkoda ndiyo inayohesabu mzunguko wa mota. Waya wake ukikatika, kidhibiti hudhani mota imekwama, kinazidi kuisukuma, na mkono unakwenda kasi bila breki.

Watu wa reli walikutana na balaa hili zamani. Mwaka 1870 Mmarekani William Robinson alionyesha mfumo ambao umeme ulipita treni inapofika, ndipo ishara ya hatari ikatokea. Sasa fikiria: waya ukikatika, ishara inasema njia ni nyeupe!

Mwaka 1872 akaugeuza. Umeme upite kwenye reli muda wote. Treni ikiingia, magurudumu yaunganishe reli mbili na rilei ikose umeme. Waya ukikatika au betri ikiisha, jibu ni lilelile: hatari.

Enkoda nyingi za leo zina ujanja wa namna hiyo. Kila ishara hupita kwenye nyaya mbili: mmoja volti ikiwa juu, mwingine iko chini. Zikilingana, kidhibiti kinajua kuna hitilafu, kinazima mota.

Kwa hiyo ukiunda mashine, jiulize kwanza: waya ukikatika, itaelewa nini?