Sandarusi ya Mrima

Meli za Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts, hazikuja Unguja kufuata pembe za ndovu peke yake. Zilifuata pia sandarusi. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na tangu hapo marekani, ile shuka nzito ya pamba, ikawa inashushwa forodhani huku magunia ya sandarusi yakipakiwa.

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti wa misitu ya pwani. Ule unaochuruzika shinani huitwa chakazi. Bado ni laini, na bei yake ilikuwa ndogo. Uliotafutwa hasa ni ule uliolala ardhini mamia ya miaka, pengine maelfu, ukakauka na kuwa mgumu. Mara nyingi mti wenyewe ulikuwa umeshatoweka, na juu pamebaki nyasi au vichaka. Mchimbaji hakuwa na mti wa kumwongoza. Ilimbidi aujue udongo: mchanga mwekundu, na ni wapi panafaa kupigwa jembe.

Kazi hiyo ilifanywa na watu wa Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, Wazaramo wakiwa miongoni mwao. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliandika habari zao kwa dharau, akilalamika kwamba mashimo yao ni mafupi na zana zao duni. Hakuwatendea haki. Watu hao walikuwa wakulima wenye mashamba ya kuhudumia, na faida kubwa ya jasho lao iliishia kwa wafanyabiashara wa mjini. Kwa nini wajizike shimoni kwa ajili hiyo?

Ikitoka ardhini, sandarusi huwa imevaa gamba la uchafu. Huko Salem, Jonathan Whipple alikuwa na karakana ya kuisafisha kwa maji ya magadi. Gamba likitoka, chini yake huonekana vijipele vidogo vilivyotapakaa, na kwa vijipele hivyo mnunuzi alitambua mali ya Zanzibar. Kisha iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi ngumu yenye mng'ao, iliyopakwa kwenye magari ya farasi na samani za watu wenye uwezo.

Kilichoiondoa sokoni kilitoka maabara. Mwaka 1907 mkemia Leo Baekeland, akiwa New York, aliunda resini ya bakelaiti kwa fenoli na fomaldehaidi. Miaka ya 1920 zikafuata resini za alkidi, zilizopikwa kiwandani kwa kipimo kile kile kila siku, na watengeneza vanishi wakahamia huko.

Msandarusi bado upo, kwa mfano katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya. Vipande vyenye mchwa na nyuki walionaswa ndani huuzwa kwa wakusanyaji, wakati mwingine kwa jina la kaharabu, ingawa kaharabu ya kweli ina umri wa mamilioni ya miaka. Vitabu vya historia vimeipa karafuu sura nzima nzima. Wachimbaji wa sandarusi nao wanastahili yao.