Kipini katika Mazungumzo ya London

Mto Tana, baada ya kusafiri mamia ya maili kutoka nyanda za juu za Kenya, huingia baharini penye mji mdogo wa Kipini. Mji huu si mkubwa, wala hauna majumba ya kumstaajabisha mgeni. Una minazi, mikoko, mashua za wavuvi, na upepo wa Ghuba ya Ungwana. Msomaji wa Kiswahili hulijua jina lake zaidi kwa sababu ya Fumo Liongo, shujaa na mshairi ambaye wenyeji husimulia kwamba amezikwa huko. Lakini iko sababu ya pili ya kulijua jina la Kipini, nayo haisimuliwi sana. Kwa muda wa miaka 77 jina hili lilikuwa alama ya mpaka katika mapatano ya mataifa makubwa. Watu wengi walioyajadili na kuyatia sahihi mapatano hayo hawakupata kuuona mto Tana maishani mwao.

Nia ya insha hii ni kueleza jinsi siasa za nchi ya mbali zilivyoamua mambo ya mji huu na jirani zake. Katika kueleza hayo tutauliza swali moja ambalo mwanafunzi wa historia hana budi kuwa nalo mkononi daima: wakubwa walipokuwa wakizungumza, nani aliulizwa?

Tuanze mwaka wa 1886. Siku zile Seyyid Barghash wa Zanzibar alijihesabu kuwa mwenye milki ya pwani ndefu ya Afrika Mashariki na bara iliyo nyuma yake. Wajerumani hawakukubali. Mwaka mmoja kabla, yaani 1885, walikuwa wamekwisha kutangaza himaya yao juu ya Witu, mji ulio karibu na Kipini kwa upande wa kaskazini. Mtawala wa Witu alikuwa Sultani Ahmed, Mnabahani wa ukoo uliotawala Pate, ambaye watu walimwita Simba. Yeye na Zanzibar walikuwa mahasimu wa siku nyingi. Alitafuta rafiki mwenye nguvu, akawapata ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt. Ndipo Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zilipotuma wajumbe kuipima milki ya Barghash. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, ofisa wa jeshi ambaye baadaye alijulikana sana kwa vita vya Sudan.

Uingereza ilikuwa rafiki wa Zanzibar kwa miaka mingi. Kwa nini basi haikusimama upande wake? Jibu la swali hili halipatikani Zanzibar wala Kipini, linapatikana London. Mwaka ule siasa za Uingereza zilikuwa zimechafuka kwa jambo la Ireland. Serikali ya Gladstone ilianguka kwa sababu alitaka Waireland wapewe bunge lao, na Lord Salisbury akashika uwaziri mkuu. Tena tangu mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yalikuwa Misri, jambo lililowaudhi Wafaransa. Uingereza ilihitaji urafiki wa Bismarck wa Ujerumani ili isibaki peke yake. Basi aliyekopa fadhila Misri alilipa kwa mali ya Zanzibar.

Mapatano yalifanywa kwa barua za mwezi wa Oktoba na Novemba 1886. Sultani aliachiwa visiwa vyake, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, kuanzia mto Miningani upande wa kusini mpaka Kipini upande wa kaskazini. Aliachiwa pia miji michache ya pwani ya Wasomali. Pwani iliyotoka Kipini mpaka mwisho wa kaskazini wa Ghuba ya Manda ilihesabiwa kuwa ya Witu. Barghash aliletewa maneno yaliyokwisha kuandikwa, naye akayakubali mwezi wa Desemba, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuyakataa. Hivyo Kipini ikawa mwisho wa mstari. Watu waliokuwa wakipita huku na huku kwa biashara, kwa ndoa na kwa kilimo, walijikuta wana mpaka katikati yao ambao jicho halikuweza kuuona.

Miaka 4 baadaye wakubwa walizungumza tena. Mwezi wa Machi 1890 Bismarck aliondolewa katika kazi yake, na serikali mpya ya Ujerumani ilitamani sana kukipata Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini kilichokuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1807. Salisbury aliona nafasi njema. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza ilikubali kukitoa kisiwa hicho. Ujerumani nayo iliondoa himaya yake juu ya Witu, ikakubali himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, na mipaka mingine ya Afrika ikatengenezwa.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuyasikilize mazungumzo yenyewe, kwa maana yana mafunzo. Malkia Victoria hakuipenda biashara hii. Alimwambia waziri wake mkuu kwamba watu wa Heligoland wamekuwa watiifu, na kwamba si haki kuwatoa kwa dola nyingine bila ya kuwauliza. Mawaziri hawakukubali kuwapigisha kura wakazi wa kisiwa, lakini walilazimika kumjibu. Kisha jambo likapelekwa Bungeni, ambako Bunge lilitakiwa kutoa kibali chake juu ya kisiwa kile. Gladstone, mzee aliyebobea katika sheria za nchi yake, alitia shaka: je, ni desturi Bunge kuombwa kibali cha kuitoa ardhi ya Malkia? Walijadiliana kwa hoja, mmoja akisema na mwingine akijibu, mpaka sheria ikapita. Lazima tukiri kwamba hayo yalikuwa mazungumzo ya watu wenye elimu na uangalifu.

Lakini uangalifu huo ulikuwa na mwisho wake. Kwa ajili ya kisiwa ambacho mtu aweza kukizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, Malkia alisononeka na Bunge likajadiliana. Kwa ajili ya watu wa Witu, ambao nao walitolewa kwa dola nyingine kwa karatasi ile ile, hapana Malkia aliyesema waulizwe. Waingereza walikuwa wanaijua haki ya kuulizwa. Hawakuidhani kuwa ni haki ya kila mtu.

Matokeo yalionekana kabla ya mwaka kwisha. Simba alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1889, na Fumo Bakari alikuwa amekalia kiti chake. Sultani huyu alijikuta amekabidhiwa kwa Uingereza, rafiki wa Zanzibar, yaani rafiki wa hasimu wake. Mwezi wa Septemba 1890 Mjerumani mmoja, Andreas Küntzel, na wenzake waligombana na watu wa Witu, wakauawa. Ujerumani, ambayo ilikwisha kuitoa nchi ile, iliitaka Uingereza itoe adhabu. Mwezi wa Oktoba Admirali Fremantle alileta manowari, akashusha askari wake Kipini. Kutoka hapo waliandamana kwenda Witu, na tarehe 27 Oktoba mji ukatiwa moto. Fumo Bakari alikimbilia msituni, na mapema mwaka 1891 akafa.

Wazee wetu husema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Witu inatufundisha zaidi ya hapo. Uingereza na Ujerumani hazikupigana mwaka 1890. Zilipatana, na nyasi ziliumia vile vile.

Mambo ya miaka iliyofuata twaweza kuyapita kwa haraka. Mwaka 1895 Uingereza ilichukua kazi ya kuutawala ukanda wa pwani kwa jina la Sultani, kwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka, pamoja na malipo mengine. Mwaka 1920 bara iliitwa Koloni, na ukanda ule ukaitwa Himaya, ukiendelea kupeperusha bendera nyekundu ya Sultani. Kipini iliwahi kuwa makao ya serikali ya wilaya, na maofisa Waingereza walikaa penye mlango wa mto wakituma taarifa zao.

Sasa na tuupande mto ule ule kutoka Kipini, tupite Garsen, mpaka Hola. Huko, tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya watu waliofungwa kwa ajili ya vita vya Mau Mau, wafungwa 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipofanywa ulionyesha kwamba walipigwa. Habari zilifika London, na usiku wa tarehe 27 Julai Bunge lilijadili vifo hivyo mpaka saa za usiku wa manane. Barbara Castle wa chama cha Labour alikuwa miongoni mwa walioishambulia serikali. Lakini aliyewashangaza wengi alikuwa Enoch Powell, mtu wa chama cha serikali yenyewe. Alisema kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine katika Afrika. Miaka 69 baada ya kuchomwa Witu, neno ambalo halikusemwa juu ya mlango wa mto Tana lilisemwa juu ya kingo zake.

Mazungumzo ya usiku ule hayakuwa bure. Iain Macleod, aliyepewa uwaziri wa makoloni mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, alieleza baadaye kwamba Hola ilimsadikisha kuwa mabadiliko ya Kenya yapasa kuharakishwa. Hata hivyo msomaji asifanye haraka kumsifu mtu kwa hotuba moja. Powell huyo huyo, mwaka 1968, alitoa hotuba kali huko Birmingham dhidi ya wahamiaji kutoka nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Aliyetetea kipimo kimoja hakukishika mwenyewe siku zote.

Uhuru ulipokaribia, swali la mstari wa Kipini lilirudi. Ikiwa ukanda wa pwani ni wa Sultani, je, utakwenda na Kenya au utabaki peke yake? Wako watu wa pwani waliotaka Mwambao uwe na utawala wake. Wako wengine waliotaka umoja na bara. Mwaka 1961 serikali za Uingereza na Zanzibar zilimtuma Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria. Yeye alikuja, akasikiliza hoja za pande zote, akatoa shauri kwamba ukanda uunganishwe na Kenya. Mkutano wa London wa mwaka 1962 uliyajadili mambo hayo, na tarehe 8 Oktoba 1963 mapatano yakatiwa sahihi. Katika barua walizoandikiana, Jomo Kenyatta alimwahidi Mohammed Shamte wa Zanzibar kwamba uhuru wa dini, mahakama za kadhi na hati za ardhi za watu wa pwani vitalindwa. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mstari wa Kipini ulifutwa.

Safari hii watu waliulizwa, ingawa si wote waliolipenda jibu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya 1890 na 1961, nayo si tofauti ndogo. Aliyeulizwa na kushindwa ana haki ya kusema tena kesho. Asiyeulizwa hajui hata mlango wa kubisha.

Twapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba yatupasa kuzisoma siasa za nchi nyingine kwa makini, wala tusiseme hayatuhusu. Mtu wa Kipini wa mwaka 1886 angeijua habari ya Ireland na Misri, angefahamu kwa nini mpaka umekuja mlangoni pake. La pili ni kwamba swali letu halikwisha Waingereza walipoondoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mji mkuu wowote, London au Nairobi, hulala mbali na delta ya Tana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa tunu za taifa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru kwamba mipango ya ardhi ya delta hiyo ifanywe kwa kushauriana na wakazi wake. Maneno hayo ni mema, lakini karatasi haijilindi yenyewe. Hulindwa na watu wanaosoma, wanaokumbuka, na wanaouliza kila mkutano unapokwisha na kalamu inapoinuliwa: nani aliulizwa?