Mzamiaji Katika Birika la Samaki

"Kuna kadudu hapa!" Mtoto wa jirani yangu hapa Gitothua, Ruiru, aliniita, pua ameigandamiza kwenye kioo cha samaki wangu. Nikasogea. Kitu cheupe, chembamba, kilikuwa kikiteleza juu ya jani la mmea niliouleta nyumbani wiki iliyotangulia. Namna ya kukitoa niliijua. Jina lake ndilo lililonitoa jasho, na usiku ule kamusi zangu zote zililala wazi mezani.

Tuanze na chombo. Hapa Ruiru utasikia tangi la samaki, mara nyingine akwariamu. Tangi linaniletea picha ya maji ya paani. Akwariamu imetua juzi. Lakini nyumba za kale za mawe kule Lamu zilikuwa na birika, na ndani yake visamaki viliwindia watu viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika mlijengewa bakuli la kauri, ili maji yakitolewa samaki wabaki na pa kupumulia. Basi ufugaji huu tunao tangu zamani. Mimi nasema birika la samaki. Na anayehofia kuchanganya na birika la chai, neno la mwisho litamwongoza.

Mdudu. Neno hili hubeba kila kitu, kuanzia siafu hadi konokono, kwa hiyo halituelezi kitu. Tukiongeza mharibifu, tumetoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Konokono mdogo anayelamba mabaki ya chakula ameharibu nini?

Kwa kiumbe tusiyemjua bado, napendekeza mzamiaji. Mzamiaji ni apigaye mbizi. Pia ni yule ajifichaye melini asafiri bila nauli. Mgeni wetu ni wote wawili: amejificha kwenye mizizi ya mmea, kisha akazama majini mwetu. Jina hili halimlaani. Linasema tu kwamba ameingia bila kualikwa, nasi tunamchunguza.

Akishatambuliwa, apewe cheo chake. Anayekula makombo bila kudhuru ni mdoezi, kama yule ajuaye saa ya chakula cha kila nyumba. Anayeishi juu ya mwili wa samaki ni kimelea, neno zuri lililochipuka kutoka mea na melea: kinachoota juu ya kingine. Mharibifu tumwachie anayeua na kuangamiza. Ruba, kwa mfano, wako wanyonyao damu na wako wasionyonya. Cheo kitokane na kazi, si na sura.

Sasa yule mweupe wa jani. Wanasayansi humwita planaria, kutokana na neno la Kilatini la ubapa. Kiswahili kina mnyoo bapa, na bapa ni ule upande mpana wa upanga. Mtazame anavyoteleza, kichwa kama ncha ya mshale, utaona neno limemkaa barabara.

Mgeni mwingine ni haidra, jina alilopewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758, akikumbuka joka la Wagiriki ambalo kichwa kikikatwa huota vingine. Tayari mwaka 1744 mwanasayansi Abraham Trembley alikuwa ameeleza jinsi alivyomkata kiumbe huyu, na vipande vikakua kuwa wazima. Sisi tuna pweza, na mikono ya pweza tunaiita minyiri. Huyu mdogo aliyesimama kwenye kioo akipunga minyiri myembamba ni kipweza.

Mtoto wa kereng'ende, mwindaji wa vifaranga vya samaki, wengi humwita buu. Buu hupitia hatua ya pupa kabla ya kuota mabawa, huyu haipitii. Anakua kama mtoto wa nzige, na mtoto wa nzige tunamwita tunutu. Basi tunutu wa kereng'ende.

Konokono nao wanahitaji majina. Mwaka 2020 ilithibitika kwamba konokono mkubwa wa kigeni ameingia mashamba ya mpunga ya Mwea. Kwingine duniani biashara ya samaki wa mapambo ilisaidia kumsambaza. Kumwita konokono wa tufaha ni kufasiri tu jina lake la Kiingereza. Mkulima huona kwanza mayai yake, vishada vya rangi ya waridi vilivyobandikwa juu ya maji. Konokono-waridi ni jina linalomfunza mtu cha kutafuta.

Na kitenzi? Kuua, kuponda na kukata havifai: mnyoo bapa aliyekatwa vipande huzaliana kwa msaada wako. Kitenzi ni kuopoa: tunamtoa majini akiwa mzima.

Limebaki neno karantini, lililozaliwa bandarini Venice, meli zilipozuiwa siku arobaini kabla abiria hawajashuka. Mmea mpya nao ukae peke yake kwanza. Lakini sisi tuna arobaini yetu: mama mzazi huitimiza ndani, na siku za mwizi ni hizo hizo. Mayai ya konokono wengi huanguliwa kabla siku hizo hazijaisha. Kwa hiyo tuseme mmea uko arobaini, na mzamiaji atajitokeza mwenyewe.

Jioni iliyofuata mtoto alirudi. "Kale kadudu kako wapi?" Nikamwambia si kadudu, ni mnyoo bapa, tumemwopoa. Akalirudia jina mara mbili, kisha akarudisha pua kwenye kioo kumtafuta mwingine.