Vigae vya Uajemi na Chumvi ya Uvinza

Katika miji ya kale ya pwani kama Kilwa Kisiwani, Unguja Ukuu na Manda, ardhi ina vigae vingi vya vyombo vya Uajemi na nchi za Ghuba. Kwanza ilikuja mitungi mikubwa ya rangi ya feruzi, tangu karne ya 8. Baadaye, kati ya karne ya 11 na 13, zikaja bakuli ambazo mfinyanzi alizipaka udongo mweupe, akachora nakshi kwa ncha kali hadi wekundu wa chini ukajitokeza, kisha akazifunika kwa mpako wa kioo wa kijani au manjano. Ukipanda hadi nyanda za Kasulu na Kibondo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa, utajiri huo huuoni, na wapo wanaohitimisha kwamba Buha, nchi hiyo ya Waha, ilikuwa imelala wakati pwani ikifanya biashara. Hitimisho hilo si la haki.

Tazama Uvinza, kusini mwa Kasulu, mahali mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi. Watafiti Sutton na Roberts walichimba kwenye chemchemi zake za maji chumvi katika miaka ya 1960, wakaonyesha kuwa watu walichemsha chumvi hapo tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kazi hiyo ilitaka kuni, vyungu na wateja, na wateja walitoka mbali. Vyungu vilifinyangwa na watu wa bara wenyewe. Katika karne za baadaye, wafinyanzi wa Maziwa Makuu walivingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, ikaacha safu za alama ndogo zilizopangika vizuri. Hiyo nayo ni nakshi, tena ya mikono yenye ujuzi.

Atasema mtu: kama biashara ilikuwepo, mbona bakuli hazikufika? Jibu liko kwenye mzigo wenyewe. Makombe ya kauri ya baharini, ambayo ni madogo na hayavunjiki ovyo, yalipita mkono kwa mkono hadi makaburi ya kale ya Sanga, Kongo. Bakuli ya udongo ingeistahimili safari hiyo kwa shida. Hata pwani kwenyewe, katika miji mingi vyombo vya kigeni vilikuwa sehemu ndogo tu kando ya vyungu vya wenyeji, ndiyo maana havitoshi kuthibitisha kwamba Waajemi ndio walioijenga.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba Kibondo na Kasulu zimechimbwa kidogo mno. Nakubali, na hiyo ndiyo sababu ya kutotoa hukumu kwa pupa. Mkulima anayeibua kigae chenye alama za kamba shambani asikitupe: akipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya, na aonyeshe mahali alipokiokota.