Castlevania ya 1986: ukisharuka, umesharuka

Wasomaji wangu, leo tuziweke kando programu za ofisini tuzungumzie gemu. Wala si gemu mpya. Ni Castlevania, iliyotolewa na kampuni ya Konami nchini Japani tarehe 26 Septemba 1986. Wapo wanaoipenda hadi leo, na wapo wanaoilaani. Wanaoilaani huwa na hoja moja kubwa: eti iliundwa vibaya, shujaa wake ni mzito kama mtu aliyebeba gunia la mahindi, na vitufe havimsikii mchezaji. Mimi nasema uzito ule uliwekwa makusudi. Ushahidi umo ndani ya gemu yenyewe, nami nitauonyesha.

Kwanza hadithi, ambayo ni fupi. Unamwongoza Simon Belmont, mwindaji wa mashetani, anayeingia peke yake katika kasri la Dracula akiwa na mjeledi mkononi. Dracula tunamjua kutoka riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Waundaji hawakuishia kwake. Walizoa karibu kila kiumbe cha filamu za zamani za kutisha: jitu la Frankenstein, maiti zilizofungwa sanda za Misri, mifupa inayotembea, popo, Medusa wa hadithi za Wagiriki, hata Mauti mwenyewe na mundu wake. Mishumaa, mapazia yaliyochanika, sanamu na mnara wa saa vinakamilisha sura ile ya kigothiki. Kasri lina sehemu 6, kila sehemu ina hatua 3, jumla hatua 18. Mwisho wa kila sehemu kuna bosi wa kupigana naye.

Sasa tuje kwenye vitufe. Konsoli ya Famicom, ambayo Marekani na Ulaya iliuzwa kwa jina la NES, ina kidhibiti chenye msalaba wa mielekeo na vitufe viwili vya kazi, A na B. A ni kuruka. B ni kupiga mjeledi. Ukishika juu huku ukibonyeza B, Simon anarusha silaha yake ya pili, kama anayo. Ngazi anazipanda na kuzishuka kwa msalaba. Basi. Mtoto wa miaka sita atayaelewa hayo kwa dakika moja, na dakika ya pili atakuwa ameshakufa.

Kwa nini? Tazama kuruka kwenyewe. Katika Super Mario Bros., iliyotoka mwaka 1985 kwenye konsoli hiyo hiyo, Mario akiwa hewani unaweza kumvuta nyuma, na ukikishikilia kitufe anaruka juu zaidi. Simon hana anasa hizo. Akiwa amesimama anaruka wima. Akiwa anatembea anaruka upinde mmoja, wa kimo kile kile na umbali ule ule, kila mara. Akishaondoka ardhini huwezi kumgeuza wala kumpunguza. Maji yakimwagika hayazoleki. Unachoweza kufanya hewani ni kupiga tu. Na akitembea hadi ukingoni bila kuruka, anadondoka wima kama jiwe.

Mjeledi nao una tabia zake. Haufiki papo hapo: kwanza mkono unarudi nyuma, kisha ndipo unaporushwa mbele, na muda wote huo Simon kama yuko ardhini amesimama palepale. Kwa hiyo unabonyeza kabla adui hajafika. Ukingoja umwone puani, umechelewa.

Halafu kuna pigo. Adui akimgusa, Simon anarushwa nyuma. Nyuma kukiwa na sakafu, umepoteza nguvu kidogo tu. Nyuma kukiwa na shimo, umepoteza maisha yote, hata kama ulikuwa mzima kabisa. Mara nyingi anayekuua si popo, ni shimo ulilolipa mgongo. Mahali pekee pa kujistiri ni kwenye ngazi, maana huko akipigwa harushwi.

Kwa lugha yetu wanaprogramu, Simon ni mashine ya hali: amesimama, anatembea, anaruka, anapiga, yuko ngazini, amepigwa. Kati ya hali hizo kuna milango michache sana, na mingine hufunguka upande mmoja tu. Je, ni kwa sababu tarakilishi ilikuwa dhaifu? Ilikuwa dhaifu kweli: prosesa ya 1.79 MHz na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Lakini Mario alikuwa anageuka hewani kwenye prosesa hiyo hiyo. Hoja ya mashine haisimami.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni vichwa vya Medusa. Hivi huruka kuvuka kioo vikipanda na kushuka kwa wimbi moja lisilobadilika, kama lile la sini tulilochora shuleni. Havikutafuti, havikufukuzi. Weka wimbi hilo mbele ya mtu anayeweza kugeuka hewani, litakuwa pambo tu. Liweke mbele ya Simon, mwenye upinde usiobadilika, na sasa una hesabu: mistari miwili iliyopinda, na wewe ndiye unayeamua ikutane wapi. Anayeunda adui wa namna hiyo anajua vizuri shujaa wake hawezi kufanya nini.

Tuongeze hesabu nyingine. Nguvu za Simon ni vipande 16. Mwanzoni mwa kasri pigo la adui linakula vipande 2, katikati 3, na sehemu mbili za mwisho 4. Yaani mwanzoni pigo la 8 ndilo linalokuua, baadaye la 6, na mwishoni la 4. Simon haongezeki nguvu njiani, tofauti na gemu nyingi za leo. Dunia ndiyo inayozidi kuwa ghali, na anayetakiwa kuongezeka ni wewe uliyeshika kidhibiti.

Na mioyo? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Unapiga mshumaa, unaanguka moyo, unafikiri umepata uhai. Katika The Legend of Zelda, iliyotoka mwezi Februari mwaka huo huo, moyo ni uhai kweli. Kwenye Castlevania moyo ni risasi. Jambia, shoka, msalaba unaorudi na chupa ya maji ya baraka vinatumia moyo 1 kila ukivirusha. Saa inayogandisha muda inatumia 5. Uhai unaurudisha kwa kula nyama, na nyama nyingi imefichwa ndani ya kuta ambazo lazima uzivunje kwa mjeledi. (Nani aliyeiweka nyama ukutani, na imekaa humo tangu lini, tusiulize.)

Kanuni hizi zote zinakutana katika hatua ya 15. Kuna ukumbi mrefu, wapiganaji wenye deraya wanarusha mashoka yanayoenda na kurudi, na vichwa vya Medusa vinakuja bila kukoma. Kila pigo ni vipande 4. Mbele ya ukumbi huo anakungoja Mauti, anayejaza kioo kwa miundu midogo. Wenye uzoefu wanajua dawa yake: maji ya baraka, yakitupwa mfululizo, humgandisha Mauti palepale asipate hata nafasi ya kupigana. Tatizo ni kuyafikisha. Ukifa njiani silaha ya pili inapotea, mjeledi unarudi kuwa ule dhaifu wa mwanzo, na mioyo inakuwa 5. Kwa hiyo unavuka ukumbi ule kama mtu aliyebeba mayai sokoni. Hakuna hatua ya kupiga ovyo. Mimi kwangu hapa ndipo gemu nzima ilipo, zaidi hata ya pambano la mwisho na Dracula.

Adhabu ya kushindwa haikuwa sawa kwa kila mtu. Gemu ilianza kama diski, kwa ajili ya kifaa cha diski cha Famicom kilichoanza kuuzwa Februari 1986, na diski iliweza kuhifadhi ulipofika. Ilipoingia Marekani mwaka 1987 ilikuwa katriji isiyohifadhi chochote. Maisha yakiisha uliruhusiwa kuendelea mara nyingi utakavyo, lakini kutoka mwanzo wa sehemu. Ukizima umeme, au umeme ukikatika wenyewe, unaanza mlangoni pa kasri.

Mwezi mmoja baada ya diski ile, Konami ilitoa gemu nyingine ya Simon kwa tarakilishi za MSX2, inayojulikana kama Vampire Killer. Picha na muziki vinafanana, lakini huko unazunguka ukitafuta funguo, kioo kimoja baada ya kingine, kwa sababu MSX2 haikuwa na njia ya vifaa ya kuvuta picha kando kwa ulaini. (MSX si ngeni kwa walioishi Ghuba: kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliziuza kwa jina la Sakhr.) Hapo udhaifu wa mashine ulibadilisha gemu kweli, na tofauti unaiona mara moja.

Baadaye Konami yenyewe ililegeza kamba. Mwaka 1987 Simon's Quest iligeuza mioyo kuwa pesa na kuleta vijiji, usiku na mchana. Super Castlevania IV ya 1991 ilimruhusu Simon kupiga pande nane na kujigeuza hewani. Ni nzuri sana kuitazama, lakini mjeledi unaofika kila upande hufanya silaha za pili zisihitajike sana. Halafu mwaka 1997 ikaja Symphony of the Night kwenye PlayStation, chini ya uongozi wa Toru Hagihara, Koji Igarashi akiwa msaidizi wake. Humo Alucard, mwana wa Dracula, anapanda ngazi za nguvu, anabadilisha silaha, anazunguka ramani kubwa na kuhifadhi kwenye vyumba maalumu. Ukikwama, zunguka uue mashetani hadi uwe na nguvu zaidi yao. Naipenda gemu hiyo. Ila swali inalouliza ni jingine kabisa.

Aliyeongoza gemu ile ya kwanza, pamoja na mbili zilizofuata kwenye Famicom, ni Hitoshi Akamatsu. Ukimshinda Dracula hutaliona jina lake. Orodha ya majina mwishoni ni utani mtupu juu ya watu wa filamu za kutisha. Mwongozaji ameandikwa Trans Fishers, kwa kumtania Terence Fisher. Muziki, ambao kwa sehemu kubwa ni kazi ya Kinuyo Yamashita, umeandikwa kuwa wa James Banana, kwa kumtania James Bernard aliyetunga muziki wa filamu ya Dracula ya 1958. Kuna hata Vram Stoker, na wenzangu wanaojua VRAM ni nini watacheka. Lakini ilichukua miaka mingi wachezaji kuwajua wenye kazi, na wakati huo wote walioikuta gemu ngumu walikuwa huru kusema kwamba ni makosa ya watu wasiojulikana.

Ukitaka kuijaribu, Konami iliitoa tena mwaka 2019 katika mkusanyiko wa Castlevania Anniversary Collection. Mkusanyiko huo, kama emyuleta nyingi, unakuruhusu kuhifadhi popote, hata sekunde moja kabla ya kuruka. Usiiguse huduma hiyo angalau katika hatua 3 za kwanza. Ruka mara kumi pale nje ya kasri kabla hujaingia, uone upinde unaishia wapi, kisha ingia.